Admeri Robert FitzRoy: Mtu Aliyetufunza Kutabiri Dhoruba

Kabla sijaanza lazima nikiri jambo moja: makala haya yalianza kama adhabu.

Hapa shuleni chama chetu cha Jiografia kina kipimamvua nyuma ya maabara. Kila siku saa tatu asubuhi mmoja wetu husoma kiasi cha mvua iliyonyesha tangu jana yake, akakiandika kwenye daftari. Wikendi moja ilikuwa zamu yangu, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa kutwa na kwetu si mbali sana. Jumamosi nilienda. Jumapili, wacha niseme ukweli, uvivu ulinishika. Nilijisemea moyoni kwamba jana kwetu hakukunyesha hata tone, sasa nitembee kilomita mbili kwenda kutazama chupa tupu ya nini? Jumatatu nikaandika sufuri na kutia sahihi. Kumbe Jumamosi jioni mvua ya mawe ilikuwa imeshuka shuleni, ikararua migomba yote ya shamba la shule! Mwalimu alilitazama daftari, akaitazama migomba, kisha akanitazama mimi. Hakunichapa. Aliniagiza niende maktaba nikasome maisha ya Admeri Robert FitzRoy, halafu niwaandikie ninyi. Basi sikilizeni.

FitzRoy alizaliwa tarehe 5 Julai 1805 huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Alitoka katika ukoo mkubwa wa makabaila, wenye damu ya Mfalme Charles wa Pili. Lakini ukubwa wa ukoo haukumfanya mvivu. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mwaka 1818, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alipelekwa chuo cha jeshi la majini mjini Portsmouth. Fikiria, miaka 12! Mwaka 1824 alifanya mtihani wa kuwa afisa, akapata alama zote bila kukosa hata moja. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. (Wale wa Kidato cha Nne mnaokaribia mtihani, mnasikia?)

Mwishoni mwa mwaka 1828, akiwa na miaka 23, alikabidhiwa meli iliyoitwa Beagle, iliyokuwa ikipima pwani za Amerika Kusini. Nahodha aliyemtangulia alikuwa amejiua kwa sababu ya upweke na taabu za baharini. Haukupita muda FitzRoy naye akapata funzo lake. Mwezi Januari 1829, karibu na pwani ya Uruguay, dhoruba ya ghafla iliipiga meli ile, na mabaharia wawili wakafa maji. Barometa, yaani chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, ilikuwa imeshuka kabla ya dhoruba. Dalili zilikuwapo, ila kijana huyo hakuzipa uzito wa kutosha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. FitzRoy alijifunza kwa uchungu kwamba dalili ya dhoruba ni barometa, na tangu siku hiyo hakuidharau tena.

Wengi wetu tumelisikia jina la Beagle katika somo la Biolojia. Ndiyo meli iliyomchukua Charles Darwin kuizunguka dunia, kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836. Ni FitzRoy aliyetaka awe na msomi wa kuongea naye njiani, asije akaingiwa na upweke kama nahodha yule wa kwanza. Darwin akawa maarufu kote duniani, lakini aliyeishika usukani na kumrudisha nyumbani salama ni FitzRoy. Katika safari hiyo yote hali ya upepo iliandikwa kwa kutumia vipimo vya Beaufort, vile vile tunavyofunzwa sisi darasani hadi leo.

Sisemi kwamba alikuwa malaika, la hasha. Mwaka 1830 aliwachukua watu wanne wa Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika, akawapeleka Uingereza ati wakafunzwe ustaarabu na dini. Mmoja wao, maskini, alikufa kwa ndui. Watatu waliosalia aliwarudisha kwao katika safari ya pili. Sisi Waafrika, tunaojua babu zetu walivyoitwa washenzi katika nchi yao wenyewe, hatuwezi kulisifu jambo hilo. Lakini mgala muue na haki yake umpe. Mwaka 1843 FitzRoy huyo huyo alitumwa New Zealand kuwa Gavana. Walowezi walikuwa wamepigana na Wamaori kwa sababu ya ardhi, na wote walitarajia kwamba Gavana Mwingereza atawatetea Waingereza wenzake. Yeye akaamua kwamba walowezi ndio waliokuwa na makosa. Walowezi walimchukia vibaya sana, na mwaka 1845 serikali ikamwondoa.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilifungua idara ndogo ya hali ya anga na kumpa FitzRoy aiongoze, akiwa na makarani watatu tu. Kazi yake ilikuwa ya daftari: kukusanya maandishi ya manahodha kuhusu upepo na mawimbi ili meli zipate njia za haraka. Kutabiri hakukuwa kazi yake. Wakati huo mtu aliyedai kwamba anaijua hali ya anga ya kesho alichekwa kama mpiga ramli.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu baridi ya huko. Si baridi yetu ya Julai, ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua saa nne. Kuanzia Desemba hadi Februari jua la Uingereza huzama mapema, theluji huanguka, na dhoruba hutoka Bahari ya Atlantiki zikifuatana. Enzi hizo wavuvi na mabaharia walikufa kila mwaka, na watu wakaona ni mambo ya Mungu tu.

Halafu ikaja usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859, majira ya baridi yakiwa ndiyo kwanza yanabisha hodi. Meli iitwayo Royal Charter ilikuwa ikitoka Melbourne, Australia, ikielekea Liverpool. Ndani yake mlikuwa na watu waliokuwa wamechimba dhahabu huko, wakirudi kwao na mali yao. Walikuwa wamesafiri nusu ya dunia, na sasa nyumbani palikuwa pua na mdomo. Dhoruba ikaibamiza meli hiyo kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey, Wales. Watu wapatao 450 walikufa, na hakupona mwanamke wala mtoto hata mmoja. Katika dhoruba hiyo hiyo meli nyingine zaidi ya 100 ziliangamia.

FitzRoy alikusanya maandishi ya siku hizo kutoka kila mahali: kwenye minara ya taa, melini na bandarini. Aliyapanga, akachora ramani, na ramani zikamwonyesha kitu. Dhoruba ile haikuzuka kila mahali kwa mara moja. Ilitembea! Ilipiga huku kwanza, kisha kule. Basi mtu wa huku angeweza kumwonya mtu wa kule, mradi ujumbe uwe na mbio kuliko upepo. Na ujumbe wa namna hiyo ulikuwapo tayari, kwani nyaya za telegrafu zilikuwa zimeenea nchi nzima.

Hivyo basi, mwaka 1860 alianzisha mtandao wa vituo vipatavyo 15. Kila asubuhi, iwe theluji au ukungu, mtu wa kila kituo alisoma barometa na kipimajoto, akatazama upepo na mawingu, kisha akazituma tarakimu zake London kwa telegrafu. Kituo cha Valentia kilikuwa magharibi kabisa mwa Ireland, mahali dhoruba za Atlantiki zinapofikia kwanza. Penzance ilikuwa kusini-magharibi mwa Uingereza, na Aberdeen ilikuwa kaskazini, Uskoti. Barometa ya Valentia ikishuka ghafla, FitzRoy alijua kwamba kesho kuna watu watalia mahali pengine. Peke yake kituo kimoja hakijui lolote ila mvua ya kwake. Vikiunganishwa, vinaiona dhoruba ikija. Nilipofika hapo katika kusoma nilikumbuka Jumapili yangu, nikaona haya.

Tarehe 6 Februari 1861, katikati ya majira ya baridi, alituma onyo lake la kwanza la dhoruba. Bandarini walipandisha mlingotini alama za turubai nyeusi: pia yenye ncha juu ilimaanisha dhoruba ya kaskazini, yenye ncha chini ilimaanisha dhoruba ya kusini. Usiku walitumia taa. Hata mvuvi asiyejua kusoma aliweza kuelewa. Huko mto Tyne mabaharia walipuuza onyo hilo wakang'oa nanga. Meli nyingi zilivunjika, watu wakafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, gazeti la Times la London lilichapa utabiri wake wa kwanza kwa umma. Ndio mwanzo wa ule utabiri tunaousikia kila jioni baada ya habari. Hata Malkia Victoria alikuwa akituma watu kumwuliza hali ya bahari kabla hajasafiri.

Lakini vituo 15 ni vichache, na dhoruba nyingine zilimponyoka. Alipopatia, watu walinyamaza. Alipokosea, magazeti yalimcheka. Wanasayansi walisema anakimbia mbele ya sayansi. Wenye mashua walinung'unika kila onyo lilipowaweka bandarini na dhoruba isije. Zaidi ya hayo, FitzRoy alikuwa ametumia mali yake mwenyewe kwa kazi za serikali bila kurudishiwa, akabaki na madeni. Masikio yalianza kuziba, mwili ukachoka, na moyo ukaingiwa na huzuni ambayo hakumfunulia mtu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 30 Aprili 1865, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 59.

Nilikaa kimya kwa muda nilipoisoma sehemu hiyo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaonya wengine kuhusu dhoruba hakupata wa kumwona yeye alipokuwa akizama. Wenzangu, aliye na mzigo moyoni asiubebe peke yake. Amwambie mwalimu, mzazi au rafiki. Na sisi wengine tupunguze kucheka watu ovyo.

Baada ya kifo chake, wakubwa waliona kazi yake ni ya kubahatisha. Mwishoni mwa mwaka 1866 maonyo ya dhoruba yakasimamishwa. Nani alilalamika? Si wasomi. Ni watu wa bandarini, ambao maisha yao yalitegemea zile pia nyeusi. Mwaka 1867 maonyo yakarudishwa, na utabiri kwa umma ukarudi mwaka 1879. Mwaka 2002 eneo moja la bahari linalotajwa katika utabiri wa Uingereza likapewa jina lake, FitzRoy.

Mbegu hiyo ilifika na kwetu. Mwaka 1929 iliundwa idara ya hali ya anga ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, ili Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zipashane habari. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake katika siasa, lakini tarakimu za hali ya anga hazikuacha kuvuka mipaka. Mawingu hayaulizwi pasipoti. Hapa Kakamega tuna kituo chetu, na vipimo vyake huungana na vya vituo vingine duniani. Na si wazungu peke yao waliosoma dalili. Majirani zetu wa Bunyore, ukoo wa Nganyi, wamekuwa wakitabiri mvua tangu jadi kwa kuangalia miti, ndege na wadudu, na katika miaka ya hivi karibuni wataalamu wa serikali wameketi nao kulinganisha utabiri.

Kwa nini haya yatuhusu? Kwa sababu huku kwetu mvua ya alasiri si mchezo. Inakuja na radi na mawe, na huko Ziwa Victoria dhoruba za usiku huwaua wavuvi ambao wengine ni ndugu na jamaa zetu. Onyo sahihi linaweza kumwokoa mtu, lakini haliwezi kuwa sahihi kama aliyeandika tarakimu alikuwa amelala kitandani akabuni. Haba na haba hujaza kibaba, na sufuri ya uongo hukitoboa kibaba hicho.

Kwenye daftari letu ile sufuri bado ipo. Mwalimu alikataa niifute. Niliikata kwa mstari mmoja, na pembeni nikaandika kwamba siku hiyo hakuna aliyepima. Tangu hapo sijakosa zamu, hata nikinyeshewa. Na wewe msomaji, siku utabiri ukikosea, cheka kidogo tu. Kisha beba mwavuli.