MAISHA YA JACKIE ROBINSON

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanapenda kandanda, na wengine ni hodari wa netiboli na riadha. Besiboli hatuichezi hapa shuleni. Hata hivyo nimeona vema niandike habari za mchezaji mmoja wa besiboli wa Marekani, kwa sababu jambo alilolitenda mwaka 1947 lapita mambo ya michezo, nalo latuhusu sisi vijana.

Jina lake kamili lilikuwa Jack Roosevelt Robinson, lakini watu walimwita Jackie. Alizaliwa tarehe 31 Januari, 1919, katika sehemu za Cairo, mji mdogo wa jimbo la Georgia. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Wazazi wake walilima shamba la tajiri wa Kizungu kwa kugawana naye mavuno. Jackie akiwa bado mchanga, baba yake aliondoka nyumbani asirudi tena. Mwaka 1920 mama yake, Mallie, aliwakusanya watoto wake, wakapanda treni kwenda Pasadena, California. Huko mama huyo alifanya kazi katika nyumba za watu ili watoto wapate chakula. Umaskini haukuwazuia kuinuka, maana Mack, kaka yake Jackie, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens.

Jackie naye aliingia Chuo Kikuu cha UCLA, akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kupata heshima ya michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani na riadha. Vita vilipokuja aliitwa jeshini mwaka 1942, akapata cheo cha luteni. Mwezi wa Julai, 1944, huko Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru ahamie viti vya nyuma kwa sababu ya rangi yake. Jackie alikataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya jeshi, nayo ikamwona hana hatia. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana litatufaa mbele.

Siku zile timu kubwa za besiboli hazikuchukua mtu mweusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini wenye timu walikuwa wamepatana kimyakimya, na tangu miaka ya 1880 hakuna mweusi aliyejulikana kuwa mweusi aliyecheza humo. Wachezaji weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, na Jackie alicheza huko mwaka 1945 katika timu ya Kansas City Monarchs.

Tarehe 28 Agosti, 1945, aliitwa Brooklyn, New York, na Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers. Mzee huyo alitaka kuuvunja ule mwiko. Inasimuliwa kwamba alisimama mbele ya Jackie akamtolea matusi yote ambayo angeyasikia uwanjani, ili auone moyo wake. Kisha akamweleza kwamba anamtafuta mtu shujaa wa kutosha asirudishe pigo. Kama Jackie angepigana hata mara moja, wapinzani wangesema watu weusi hawafai, na mlango ungefungwa tena kwa miaka mingi. Jackie alikubali. Mwaka 1946 alipelekwa kwanza Montreal, Canada, akaongoza ligi yake kwa kupiga mpira.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze mchezo wenyewe. Kila upande una watu tisa. Mrushaji hurusha mpira kwa nguvu, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akifaulu hukimbia kwenye vituo vinavyofuatana, na akivizunguka vyote akarudi alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Mkimbiaji mwenye mbio na akili aweza pia kutoka kituo kimoja hadi kingine wakati mrushaji anaporusha, bila kungoja mpira upigwe. Hilo huitwa kuiba kituo, na ni wizi wa halali. Msimu wa siku hizo ulikuwa wa michezo 154, toka Aprili mpaka mwisho wa Septemba.

Hata kabla ya msimu wa 1947 kuanza, baadhi ya wachezaji wa Dodgers waliandaa barua ya kumkataa Jackie. Leo Durocher, kocha wao, aliwakemea vikali, na mpango ukafa. Baadaye Durocher mwenyewe alifungiwa mwaka mzima kwa mambo mengine, na timu ikaongozwa na mzee Burt Shotton.

Tarehe 15 Aprili, 1947, Jackie aliingia uwanjani Ebbets Field mbele ya watu zaidi ya 25,000. Hakupata pigo zuri siku ile, lakini alipata pointi moja, na Dodgers wakawashinda Boston Braves 5 kwa 3. Wiki iliyofuata walikuja Philadelphia Phillies. Kocha wao, Ben Chapman, na wachezaji wake walimtukana Jackie bila haya tangu mwanzo wa mchezo. Yeye alinyamaza. Lakini katika kipindi cha nane alipiga mpira akafika kituo cha kwanza, akaiba cha pili, akasogea cha tatu kwa kosa la wapinzani, kisha mwenzake alipopiga akaingia nyumbani. Dodgers walishinda 1 kwa 0, na pointi hiyo moja ilikuwa yake. Katika siku hizo za matusi, Eddie Stanky, mmoja wa wenzake, aliwakaripia Phillies kwa kumshambulia mtu asiyeweza kujibu. Hivyo Chapman, aliyetaka kuwagawa Dodgers, ndiye aliyeanza kuwaunganisha.

Taabu hazikuisha. Barua za kumtishia kifo zilikuja. Hoteli moja huko Philadelphia ilikataa kuipokea timu, na huko St. Louis alilazwa mbali na wenzake. Warushaji walimlenga mwilini. Lakini hesabu ya mwisho wa msimu yaeleza yote. Jackie alicheza michezo 151, akapata mapigo 175, akaingiza pointi 125, na akaiba vituo 29, kuliko mtu yeyote wa ligi yake. Alipewa tuzo ya mchezaji mpya bora, iliyotolewa mwaka huo kwa mara ya kwanza. Dodgers walishinda michezo 94 na kushindwa 60, wakachukua ubingwa wa ligi. Katika fainali kuu walipambana na New York Yankees, wakashindwa michezo 4 kwa 3.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini habari hizi, baadhi yao walisema kwamba mtu anayetukanwa akanyamaza ni mwoga. Mimi sikubali, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, mtu huyu ndiye yule yule aliyekataa kuhama kiti mwaka 1944, wakati ambapo kukataa kungeweza kumfunga jela. Mwoga hafanyi hivyo. Alijua kupigana, ila mwaka 1947 alichagua silaha nyingine. Pili, kimya chake kilikuwa na mwisho. Ilipofika mwaka 1949 Rickey alimfungulia ahadi yake, na tangu hapo Jackie alibishana na waamuzi na kuwajibu wapinzani kama mchezaji mwingine yeyote. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. La ajabu ni kwamba baadhi ya watu waliomsifu aliponyamaza walianza kumwita mwenye majivuno aliposema. Hapo ndipo ninapoona kwamba wapo waliopenda kimya chake kuliko haki yake.

Jackie alitwaa ubingwa mkuu pamoja na Dodgers mwaka 1955, akaacha kucheza baada ya msimu wa 1956. Mwaka 1962 aliingizwa katika nyumba ya mashujaa wa besiboli. Alifanya kazi ya biashara na kupigania haki za watu weusi pamoja na Martin Luther King. Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna deni kwake. Mwaka 1959, Tom Mboya alipotafuta nauli za kuwapeleka vijana kusoma Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi.

Ugonjwa wa kisukari ulimdhoofisha mapema na kumpunguzia sana nuru ya macho. Tarehe 15 Oktoba, 1972, alipoheshimiwa mbele ya umati kwenye fainali ya mwaka huo, alishukuru, kisha akaeleza kwamba angefurahi zaidi siku atakapomwona mtu mweusi akiongoza timu kubwa. Siku tisa baadaye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53. Alilolitaka lilitimia mwaka 1975, Frank Robinson alipoanza kuiongoza timu ya Cleveland. Tangu mwaka 1997 timu zote kubwa zimeiweka kando namba 42, iliyokuwa mgongoni mwake, na kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa kwa kumkumbuka.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Nami naongeza kwamba subira ya Jackie haikukaa kitini ikingoja. Ilikimbia toka kituo hata kituo, na ilipofika nyumbani iliuacha mlango wazi kwa waliokuja nyuma.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV