Profesa Wangari Maathai: Kutoka Kijito cha Kanungu hadi Msitu wa Karura

Katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, palikuwa na mti wa mugumo ambao wanawake hawakuthubutu kuokota hata kijiti kikavu chini yake. Ulikuwa mti wa Mungu. Wangari binti Muta, aliyezoea kutumwa kuni na mama yake, aliagizwa asiuguse. Hatua chache kutoka hapo kilitiririka kijito cha Kanungu, na mtoto huyo alikaa ukingoni mwake akijaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni. Kila alipoyainua yaliponyoka na kukatika. Miaka mingi baadaye, akiwa mhadhiri wa chuo kikuu, alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Aliyeukata mti hakuvunja sheria yoyote. Shamba lilikuwa lake, mti ulichukua nafasi kubwa, naye alitaka kupanda majani chai.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Muta Njugi na Wanjiru Kibicho. Alipokuwa mdogo, familia ilihamia karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la setla. Mwishoni mwa 1947 mama yake alirudi naye Ihithe, kwa kuwa kule shambani hapakuwa na shule. Hata hivyo, kuingia kwake darasani hakukuwa jambo lililopangwa. Ni kaka yake mkubwa aliyeuliza ni kwa nini Wangari asisome kama wavulana, na mama, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kusoma, akajibu kwamba hakuna sababu ya kumzuia. Alipotimiza miaka 11 alipelekwa Shule ya Mtakatifu Cecilia katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, karibu na mji wa Nyeri. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza, na ndiko alikokutana na ile beji ya aibu aliyovishwa mwanafunzi yeyote aliyenaswa akizungumza lugha ya mama. Wengi waliopitia shule za Kenya wanaikumbuka beji hiyo kwa majina mbalimbali. Katika maandishi yake ya baadaye, Wangari aliihesabu miongoni mwa mambo yaliyomfanya Mwafrika azidharau lugha zake, na baadhi ya hoja alizotoa kuhusu uongozi na maendeleo barani zilianzia hapo.

Miaka yake ya Mathari ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, nayo serikali ya kikoloni ikawakusanya watu wa Nyeri katika vijiji vilivyolindwa na kuwalazimisha wanavijiji, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, kuchimba handaki refu kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Hata kabla ya hapo, kazi ya pamoja ya kuhifadhi udongo ilikuwa imekwisha kuchafuliwa jina. Machifu walikuwa wakiwatoa watu majumbani kuchimba matuta, na katika wilaya jirani ya Murang'a wanawake waliigomea kazi hiyo mnamo 1948. Jambo hili halina budi kukumbukwa. Mtu ambaye baadaye angewaomba wanawake wa nchi hiyo wajitolee kutunza ardhi alikuwa akiwaomba watu waliojua utunzaji wa ardhi kama adhabu. Wangari mwenyewe, akiwa na miaka 16, alikamatwa njiani akienda kumtembelea baba yake Nakuru na kuzuiliwa kambini kwa siku mbili.

Kutoka Mathari alikwenda Shule ya Upili ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 aliondoka kwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Kenya waliopata nafasi za masomo kwa mpango uliosaidiwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Alisoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, kisha katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa katika idara ya zuolojia imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini kwamba kosa lake lilikuwa jinsia yake na kabila lake. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, ndiye aliyemwajiri katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo, na kufikia 1977 alikuwa profesa mshiriki. Ndoa yake ilivunjika katika kipindi hicho. Mume alipomtaka aliache jina lake, Wangari aliongeza irabu moja, na Mathai ikawa Maathai.

Ni utafiti wa kupe uliomrudisha kwenye udongo. Alipokuwa akikusanya kupe vijijini kwa ajili ya uchunguzi wa ndigana kali, aliona mito imekuwa na rangi ya matope na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Wakati huohuo alikuwa mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, ambako wanawake wa mashambani walilalamikia mambo yaleyale kila mara: kuni ziko mbali, maji ni haba, chakula hakitoshi. Ilimshangaza kusikia kwamba watoto wa mkoa wenye rutuba kama Mkoa wa Kati walikuwa na utapiamlo. Sababu haikuwa uvivu wala ukame. Mashamba yalikuwa yamejaa chai na kahawa, miti ya kuni imekwisha, na mama asiye na kuni hupika kile kinachoiva upesi.

Mnamo tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda pamoja na wenzake miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii fulani ya Kenya, miongoni mwao Wangu wa Makeri na Nabongo Mumia. Mitano kati ya miti hiyo ilikufa kwa kukosa wa kuitunza. Pengine hakuna funzo lililomsaidia zaidi ya hilo, kwani kuanzia hapo hesabu ya Harakati ya Ukanda wa Kijani ilikuwa ni ya miti iliyoshika, si ya mashimo yaliyochimbwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Kikundi cha wanawake kilianzisha kitalu cha miche, kikagawa miche hiyo bure kwa majirani, shule na makanisa, kisha baada ya muda kikaenda kukagua. Kwa kila mche ulioonekana hai kikundi kililipwa kiasi kidogo, mwanzoni senti nne za Kimarekani. Miti ilipandwa kwa safu za angalau 1,000 kuzunguka mashamba na viwanja, na hapo ndipo jina la ukanda lilipotokea. Mabwana misitu walioletwa kuwafunza wanawake hawa walizungumza kuhusu mteremko wa ardhi na aina za udongo kwa istilahi ambazo hazikueleweka, hata Wangari akaamua kuachana na mafunzo hayo. Aliwaambia wanawake watumie akili waliyotumia miaka yote kupanda maharage na mahindi. Wakaotesha miche katika vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaokota mbegu za miti ya kienyeji porini, na wakaotesha kwa mamilioni. Mkuu wa misitu aliyekuwa amecheka aliposikia kwamba mama huyu anataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15, na kumwahidi miche ya bure, alilazimika kuifuta ahadi yake kabla ya mwaka kwisha kwa sababu miche ilikuwa imeombwa mingi mno.

Wapo wanaouliza kama kazi inayolipiwa inaweza kuitwa ya kujitolea. Swali hilo lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. Senti nne hazikulipia safari za kubeba maji mgongoni wakati wa kiangazi, wala siku zilizotumika kukagua mashamba ya watu wengine. Zilimpa mama wa kijijini fedha chache zilizokuwa zake mwenyewe. Aidha, jamii ya Wakikuyu ilikuwa na desturi ya ngwatio, ambapo majirani hulimiana mashamba kwa zamu. Harakati haikuleta jambo geni. Iliuondoa utunzaji wa ardhi mikononi mwa chifu na kuurudisha katika ngwatio. Si kwamba hapakuwa na watangulizi: mwaka 1922, huko Kikuyu, Mwingereza Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo walikuwa wameanzisha Watu wa Miti. Tofauti ni kwamba watu wa Wangari walikuwa wanawake, na hawakuongozwa na bwana misitu yeyote.

Ugomvi wake na serikali umesimuliwa mara nyingi. Mwaka 1982 aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi akakuta nafasi yake imejazwa. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akakejeliwa bungeni, na hatimaye mradi ukaachwa. Katika semina zake za uraia aliwafananisha wananchi na abiria waliopanda basi lisilo lao, akiwataka wajiulize ni nani aliyewaelekeza, au kama wao wenyewe waliogopa kuuliza.

Karura, hata hivyo, inastahili kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu huo ulio kaskazini mwa Nairobi zilikuwa zimegawiwa wajenzi wa binafsi. Wangari na wafuasi wake walianza kwenda huko na miche na majembe, wakipanda pale ambapo matingatinga yalikuwa yamefyeka. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni wakiwa na mche mmoja tu. Walishambuliwa na vijana waliokodiwa, yeye akapasuliwa kichwa, na alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya msitu huo na kukabiliana na polisi. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Msitu ulibaki, lakini kwa miaka kadhaa wapita njia waliuogopa kwa sababu ya wahalifu. Ni baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 kuziruhusu jamii kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali ndipo majirani wa Karura walipounda chama chao, mwaka 2009, wakajenga ua na kufungua vijia vya kutembelea ambavyo hutumiwa na umati wa watu kila mwisho wa juma.

Katika uchaguzi wa Desemba 2002 watu wa Tetu, nyumbani kwake, walimpa asilimia 98 ya kura, na mwezi uliofuata aliteuliwa Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili. Hapa ndipo mapenzi yake kwa msitu yalipogongana na haja za majirani wa msitu. Chini ya mfumo uliojulikana kama shamba, wakulima maskini waliruhusiwa kulima ndani ya misitu ya serikali huku wakitunza miche ya misonobari na misanduku. Wangari aliupinga vikali, akiamini kwamba ulikuwa ukila msitu wa asili na kukausha vyanzo vya mito ya Mlima Kenya na Nyandarua. Alikuwa na ushahidi wa kutosha machoni pake. Hata hivyo, mkulima asiye na kipande cha ardhi alipoteza viazi vyake, na hakuna namna ya kulieleza jambo hilo kwa upole. Mfumo ulirejeshwa baadaye kwa jina jingine na masharti makali zaidi, na mabishano juu yake hayajakoma. Katika uchaguzi wa 2007 Wangari alishindwa katika mchujo wa chama, akagombea kwa chama chake kidogo, akakipoteza kiti cha Tetu.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa garini akitoka Nairobi kwenda eneobunge lake simu kutoka Norway ilipomfikia: alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Waandishi wa habari walipoanza kumtafuta alikuwa amefika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, palepale alipoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hadi kufa kwake mwaka 1941. Wenyeji wa hoteli walimletea mche wa kibobakasi. Alipiga magoti akaupanda kwa mikono yake, Mlima Kenya ukiwa mbele yake.

Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011 katika hospitali moja jijini Nairobi, baada ya kuugua saratani ya ovari. Mazishi ya kitaifa yalifanyika tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili baada ya siku ile ya Outspan, katika bustani ileile ya Uhuru aliyoitetea. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Mwili uliteketezwa Kariokor, na majivu yakazikwa Kabete ya Juu, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyopewa jina lake.