Henry Ford na Gari la Soya

Vijana wetu wamekuwa wakionyeshana filamu fupi ya mzee mwembamba aliyevaa suti. Mzee yule anainua shoka, analipiga gari kwa nyuma, na gari halibonyei. Wameambiwa kwamba gari lile liliundwa kwa bangi tupu, tena likaendeshwa kwa mafuta ya bangi, na kwamba wenye nguvu walilificha. Baadhi yao wametuuliza kama ni kweli. Basi tumeona vema kuwaletea wasomaji habari za mzee huyo, Henry Ford, maana maisha yake yana mengi kuliko lile shoka.

Alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 shambani, karibu na Dearborn katika jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima aliyehamia huko kutoka Ireland. Mama yake alifariki mwaka 1876, mtoto akiwa na miaka 12. Henry hakuipenda kazi ya shamba hata kidogo, kwa kuwa aliona jasho ni jingi na mavuno ni haba. Alipotimiza miaka 16 alikwenda mjini Detroit kujifunza ufundi wa mashine. Mwaka 1896 aliunda gari lake la kwanza, mwaka 1903 akaanzisha kampuni, na mwaka 1908 akatoa Model T, gari rahisi ambalo hata mkulima wa kawaida aliweza kulinunua. Hadi mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Mwaka 1914 aliwashangaza matajiri wenzake kwa kuanza kuwalipa wafanyakazi dola 5 kwa siku. Hayo yanajulikana, hatutayarefusha.

Lakini hatuwezi kuyaficha mabaya yake. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lake lilichapa makala nyingi za kuwatukana Wayahudi. Aliomba radhi mwaka 1927, lakini mwaka 1938 alipokea nishani kutoka serikali ya Hitler. Mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi nje ya kiwanda chake. Mtu huyohuyo aliwajali wengi na kuwaumiza wengi.

Sasa turudi shambani, kama yeye alivyorudi. Katika miaka ya 1920 na 1930 bei za mazao zilianguka vibaya sana nchini Marekani, na wakulima wengi walipoteza mashamba yao. Ford, aliyekimbia jembe akiwa kijana, akaanza kufikiri kwamba kiwanda chake kingeweza kununua mazao kwa ajili ya kutengeneza gari lenyewe. Kwa njia hiyo mkulima angenunua gari, na gari nalo lingenunua mazao ya mkulima. Akajenga maabara ndogo huko Dearborn na kumweka kijana aliyeitwa Robert Boyer kuisimamia. Walijaribu ngano, karoti, kabichi, vitunguu na mengine mengi, na mwishoni wakachagua soya.

Soya ilikuwa na faida mbili. Mafuta yake yalitiwa katika rangi ya kupaka magari. Makapi yaliyobaki baada ya kukamua yana protini nyingi, nayo yalichanganywa na kemikali, yakashindiliwa katika kalibu yenye moto, yakatoka plastiki ngumu. Vitufe vya honi na vichwa vya mikono ya gia vilitengenezwa hivyo. Mzee akaipenda soya mno. Mwaka 1934, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, aliwaandalia waandishi wa habari karamu ambayo kila chakula kilikuwa na soya, hata kahawa. Baadaye alivaa suti iliyofumwa kwa nyuzi za soya pamoja na sufu. Sisi tunadhani wageni wengine walikula kwa adabu tu.

Katika kazi hiyo alipata rafiki, Profesa George Washington Carver wa Tuskegee, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani na kuwa bingwa wa karanga na viazi vitamu. Walikutana mwaka 1937, wote wawili wakiwa wazee. Ford alipoona rafiki yake anapanda ngazi kwa shida, alimwekea lifti katika nyumba aliyokaa. Carver alifariki Januari 1943.

Tulifikie sasa lile shoka. Ilikuwa Novemba 1940, na gari lile lilikuwa gari lake la kawaida la chuma lililofungwa mfuniko wa buti wa plastiki. Makali ya shoka yalikuwa yamevikwa mpira. Gari lenye bodi nzima ya plastiki lilionyeshwa baadaye, Agosti 1941, huko Dearborn. Lilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma na mabamba 14 ya plastiki juu yake. Uzito wake ulikuwa ratili 2,000 hivi, yaani pungufu ya gari la chuma kwa ratili 1,000.

Je, mlikuwamo bangi? Gazeti moja la ufundi liliandika Desemba 1941 kwamba mabamba yalitokana na mabua ya ngano, nyuzi za mbangi ule wa kusokotea kamba, na mkonge, ndiyo, mkonge uleule tunaoujua Tanga, vikishikamanishwa kwa gundi ya kemikali. Lakini Lowell Overly, fundi aliyelisanifu, alieleza baadaye kwamba ilikuwa soya na kemikali. Maandishi ya mchanganyiko wenyewe hayakuhifadhiwa. Kwa hiyo gari la bangi tupu halikuwako, na hayo ya mafuta ya bangi hayana ushahidi.

Wala halikufichwa. Desemba 1941 Marekani iliingia vitani, na Februari 1942 viwanda vilisimamisha magari ya raia ili viunde silaha. Gari lile likavunjwa. Vita ilipokwisha hakuna aliyelifufua. Ford alikuwa mgonjwa, na mwanawe wa pekee, Edsel, alikuwa amefariki mwaka 1943. Kampuni yake ilirudi kwenye soya miaka mingi baadaye, ilipoanza kutia mafuta yake katika sponji za viti vya magari ya mwaka 2008.

Mzee alifariki usiku wa tarehe 7 Aprili 1947, akiwa na miaka 83. Mto Rouge ulikuwa umefurika na kukata umeme wa nyumba yake, hata akafa kwa mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta, kama ile iliyowashwa shambani alipozaliwa. Ibada ya mazishi ilifanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Detroit, la ndugu zetu Waepiskopali, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake.