Maradhi ya Mzee Kenyatta yalivyogeuzwa siri ya taifa

MZEE Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alifariki dunia katika Ikulu ya Mombasa alfajiri ya Agosti 22, 1978. Wananchi wengi walipigwa na butwaa, ingawa maradhi ya moyo na mishipa ya damu yalikuwa yamemwandama kwa miaka mingi.

Kenyatta alikamatwa na wakoloni Oktoba 1952 na kuachiliwa huru Agosti 1961. Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, aliwahutubia walowezi wa Kizungu mjini Nakuru na kuwahakikishia kwamba yaliyopita yangesamehewa. Baadaye Ikulu ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa makao aliyoyapenda zaidi.

Mnamo 1968 alipatwa na kiharusi akiwa Mombasa. Kiharusi husababishwa na mshipa wa ubongo kupasuka, au kuzibwa na donge la damu, ambalo mara nyingine hutoka katika moyo unaodunda bila mpangilio. Dawa za kuzuia damu kuganda humkinga mgonjwa dhidi ya donge, lakini aliyepasukiwa na mshipa zaweza kumwangamiza. Picha za kompyuta za kutofautisha hali hizo hazikuwapo hadi 1971, zilipoanza kutumika London.

Nchini Marekani, Rais Dwight Eisenhower aliposhikwa na mshtuko wa moyo mwaka 1955, madaktari waliwaeleza wananchi hali yake. Nchini Kenya, ugonjwa wa Rais ulifichwa. Hata hivyo, mwaka huo wa 1968 Katiba ilibadilishwa ili Rais akifariki, Makamu wake ashikilie madaraka kwa siku 90.

Septemba 1976, wanasiasa akiwemo Kihika Kimani waliandaa mkutano wa hadhara Nakuru kudai kifungu hicho kiondolewe, wakimlenga Makamu wa Rais, Daniel arap Moi. Mwezi uliofuata, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni uhaini, na adhabu yake ni kifo. Mjadala ukazimika.

Habari za msiba zilimfikia Moi nyumbani kwake Kabarak, karibu na Nakuru. Alikwenda Nairobi upesi na kuapishwa siku hiyo hiyo. Kifungu kilichopingwa Nakuru ndicho kilichoinusuru nchi, na kabla ya siku 90 kwisha, Moi alithibitishwa kuwa Rais wa pili.