MAISHA YA DOKTA JOHN SNOW

Mara hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye wengi wanamujua juu ya kolera tu. Sisi tunataka kueleza kazi yake ingine: kulalisha wagonjwa mbele ya kupasuliwa.

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 kule York, Uingereza, mutoto wa kwanza kati ya 9. Baba yake alikuwa mutumikaji tu. Alipofika miaka 14 akatumwa upande wa Newcastle kujifunza uganga, na huko akaona wachimba makaa wakifwa na kolera. Mwaka 1854, London, akaonyesha kwamba ni maji ya pompi moja, ile ya Broad Street, yaliyoleta ugonjwa. Mambo ya kolera na maji, sisi wa Naviundu hatuna lazima ya kuelezwa sana. Tupite.

Mwaka 1846 waganga walianza kutumia eteri, na 1847 kloroformi. Zamani mugonjwa alishikwa na watu wenye nguvu huku akipiga kelele, basi furaha ilikuwa kubwa. Lakini tarehe 28 Januari 1848, kule Winlaton, karibu na Newcastle, Hannah Greener, musichana wa miaka 15, alipewa kloroformi ili atolewe ukucha wa kidole cha muguu. Ukucha tu! Dakika chache, akafwa. Miaka 15, ni sawa na sisi katika kalasi.

Snow hakuitupa dawa. Aliangalia namna walivyoitoa: walimwanga kloroformi juu ya kitambaa, wakakiweka puani, basi. Nani alijua pumzi moja imebeba kiasi gani? Joto likipanda, mvuke unazidi. Kwa eteri alikuwa amekwisha kupima mvuke kwa kila joto na kutengeneza chombo chenye maji pembeni ya dawa, ili joto lisibadilike. Kwa kloroformi akasema mvuke usipite sehemu 5 katika 100 ya hewa. Alijaribu dawa hizo hata juu ya mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1853 aliitwa kwa malkia Victoria, alipomuzaa Leopold, na tena 1857. Ajabu, kwa malkia alitumia kitambaa! Lakini kidogo kidogo, na mukono uliokwisha kuzoea.

Ndani ya mwili hakuweza kuona. Leo kuna ekografi, ile mashini inayoonyesha mama zetu mutoto tumboni: sauti ambayo masikio hayaisikii inaingia, inarudi, inachora picha. Muganga anayelalisha anaona ncha ya sindano, anaona mushipa wa fahamu na ule wa damu, asichome pasipofaa. Anaweza hata kuangalia kama tumbo lingali na chakula, maana mutu akitapika katika usingizi, chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Snow hakuoa, na kwa miaka mingi hakugusa pombe. Mwezi wa Juni 1858, akiwa anaandika kitabu chake juu ya kloroformi, aliangushwa na ugonjwa wa ubongo. Akafwa tarehe 16, na miaka 45. Rafiki yake Benjamin Ward Richardson akakipeleka kitabu kuchapwa mwaka ule ule.