Profesa Smith na Samaki wa Vilindini

Kilometa chache kutoka mjini Lushoto pana mahali paitwapo Irente. Ukisimama pale ukingoni, ardhi hukatika ghafla mbele ya miguu yako. Karibu meta 1,000 chini yako umetandazwa uwanda mkavu wenye mashamba ya mkonge, na nyumba zake huonekana ndogo kama punje za mahindi. Wewe uliye juu unajifunika shuka kwa sababu ya baridi, na wenzako walio kule chini wanatafuta kivuli.

Sasa fikiri kwamba bahari imeujaza uwanda ule mpaka kwenye ukingo wa genge. Ngalawa zinaelea karibu na nyasi unazozikanyaga. Je, hicho ni kina kikubwa? Kwa mwogeleaji ni kikubwa mno. Kwa bahari ni kidogo. Kina cha wastani cha bahari kuu za dunia hukaribia meta 3,700, yaani magenge karibu manne ya Irente yaliyopangwa moja juu ya jingine. Katika Bahari ya Pasifiki lipo handaki la Mariana, ambalo kina chake hukaribia meta 11,000. Nayo maji hayo ya chumvi yamefunika sehemu 71 katika kila sehemu 100 za uso wa dunia.

Usidhani kwamba bara huishia pale mawimbi yanapopigia mchanga. Huendelea chini ya maji kwa mteremko mdogo, mahali pengine kwa kilometa nyingi, mahali pengine kwa kilometa chache tu. Kisha huporomoka. Mteremko huo mkali una magenge, mabonde na mapango, kama ule wa kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo. Mbele yake ndipo ilipo sakafu ya bahari kuu, yenye tambarare, milima na mahandaki yake. Hapa kwetu, mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara una kina kifupi, lakini ule ulio kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya meta. Maji mengi namna hiyo wavuvi huyaita kilindi. (Usilichanganye neno hili na Wakilindi, watawala wa kale wa Usambara.)

Liko jambo moja ambalo mtoto wa Lushoto ataliona kinyume. Milimani, kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyozidi. Baharini, kadiri unavyoshuka ndivyo baridi inavyozidi, kwa kuwa jua hupasha moto maji ya juu tu, na maji ya moto, kwa wepesi wake, hubaki juu. Mwanga nao hupungua upesi. Ukipita meta 200 hubaki hafifu sana, na mimea haiwezi kuishi huko.

Katika giza na baridi ya namna hiyo aliishi kiumbe mmoja ambaye wataalamu wa dunia nzima walisadiki kwamba alikwisha toweka. Mtu aliyemtambua, kisha akamtafuta kwa miaka 14, ndiye tutakayemsoma katika somo hili.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika ya Kusini, mbali na bahari. Tangu utotoni alipenda kuvua kwa ndoana kila alipofika pwani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliletwa Afrika ya Mashariki akiwa askari. Hapa aliugua malaria na kuhara damu, na tangu hapo hakuwa tena na afya njema maisha yake yote. Vita vilipokwisha alisoma kemia, akapata shahada ya juu Cambridge, Uingereza, mwaka 1922, kisha akafundisha somo hilo katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao siku hizi huitwa Makhanda.

Kwa hiyo Smith alikuwa mwalimu wa kemia. Elimu ya samaki alijifundisha mwenyewe, jioni na siku za likizo, kwa kuwapima, kuwahesabia magamba na miiba, na kuwalinganisha na maandishi ya wataalamu. Makumbusho ndogo za pwani zikazoea kumwandikia kila zilipopata samaki asiyefahamika.

Barua moja ya namna hiyo ilimfikia tarehe 3 Januari 1939, alipokuwa likizoni Knysna. Ilitoka kwa Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London. Tarehe 22 Desemba 1938 bibi huyu alikuwa amekwenda bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi iitwayo Nerine. Katika lundo la papa na taa aliona pezi la rangi ya buluu. Alipoyaondoa yale mengine akamkuta samaki mwenye urefu wa meta moja na nusu, uzito wa kilo zipatazo 57, magamba magumu kama ngao, na mapezi manne yaliyoota juu ya vikono vya nyama mfano wa miguu. Wavuvi walikuwa wamemnasa karibu na mlango wa mto Chalumna, penye kina cha meta zipatazo 70.

Bibi huyu alimpakia samaki yule katika teksi, ingawa mwenye teksi hakupenda. Alikwenda kuomba nafasi katika chumba cha maiti, akakataliwa. Akaomba katika ghala la barafu, akakataliwa pia. Ilikuwa siku ya joto kali. Mwishowe samaki alifungwa kwa nguo na magazeti yaliyoloweshwa fomalini, lakini dawa haikutosha, naye Smith hakujibu kwa kuwa barua ilikuwa bado njiani. Ngozi ikaokolewa na fundi. Matumbo yakaoza, yakatupwa.

Barua ile ilikuwa na mchoro mmoja wa kalamu. Smith alipoutazama alishikwa na bumbuazi. Samaki wenye umbo lile alikuwa ameona picha zao katika vitabu, lakini picha hizo zilikuwa za visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa mawe. Kundi lao huitwa silikanti. Walikuwapo duniani miaka ipatayo milioni 400 iliyopita, na iliaminika kwamba walitoweka pamoja na wale mijusi wakubwa mno wa kale, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Fikiri mwenyewe: ingekuwaje kama mtu angekuletea barua kwamba mjusi mmojawapo ameonekana akila majani huko Mazinde?

Smith aliogopa. Akitangaza halafu ikaonekana kwamba amekosea, hakuna mtaalamu ambaye angemsikiliza tena mwalimu wa kemia. Alisubiri mpaka alipofika mwenyewe East London tarehe 16 Februari 1939, akaiona ngozi kwa macho yake. Hakuwa na shaka tena. Alimpa samaki jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi aliyemwokoa na mto ulio karibu na mahali alipovuliwa.

Lakini ngozi haitoshi kumweleza mnyama. Moyo wake ulikuwaje? Alizaaje? Ubongo wake ulikuwa mkubwa kiasi gani? Majibu yote yalikuwa yametupwa pamoja na yale matumbo. Ilimpasa Smith apate samaki wa pili.

Tazama jinsi alivyofikiri. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zimevua miaka mingi katika maji ya East London bila kumpata samaki huyu. Kwa hiyo, alijiambia, pale si kwao. Rangi yake na magamba yake mazito vilionyesha mnyama aishiye penye miamba, mahali ambapo nyavu za kukokota zingepasuka. Makao yake, basi, yangekuwa kaskazini zaidi, katika maji ya nchi za joto. Smith akachapisha tangazo lenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa, lugha ambazo wavuvi wengi wa pwani yetu hawakuzisoma. Picha ndiyo iliyofanya kazi.

Miaka ikapita, na Vita Kuu ya Pili ikapita. Smith na mkewe Margaret, ambaye alikuwa mchoraji hodari, walizunguka pwani ya Msumbiji, ya Kenya, Pemba na Unguja wakikusanya samaki. Mwaka 1949 walitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Silikanti hakuonekana.

Mwaka 1952, huko Unguja, walikutana na nahodha mfanya biashara aliyeitwa Eric Hunt, ambaye chombo chake kilikwenda mara kwa mara Visiwa vya Ngazija, yaani Komoro. Hunt akachukua matangazo yale. Mwezi Desemba mwaka huo huo, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, katika kisiwa cha Anjouan, alivua usiku samaki mkubwa kwa mshipi. Kulipokucha alimpeleka sokoni. Alikuwa karibu kukatwa vipande ndipo mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alipokumbuka picha ya tangazo, akawazuia. Samaki akachukuliwa kuvuka milima ya kisiwa, mwendo wa kilometa 40 hivi, hadi chombo cha Hunt kilipotia nanga. Hunt alimtia chumvi, akatafuta fomalini, na akampelekea Smith telegramu.

Smith alikuwa ndani ya meli bandarini Durban, akirejea kwao kutoka pwani yetu hii hii. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, ofisi zimefungwa, na joto la Desemba halingoji mtu. Hofu ya miaka 14 ilimrudia: matumbo yataoza tena. Mwishowe alimpigia simu Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, D.F. Malan, akapewa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba 1952 alitua Komoro, akaingia katika chombo cha Hunt, na samaki alipofunuliwa alilia machozi.

Kwa shukrani Smith alimpa samaki huyo jina la Malania anjouanae. Alimdhani kuwa wa aina mpya kwa sababu alikosa pezi la kwanza la mgongoni. Hapo alikosea mara mbili. Pezi lile lilikuwa limepotea tu, na samaki alikuwa wa aina ile ile ya kwanza, hivyo jina halikudumu. Na mtu aliyeheshimiwa kwa jina hilo alikuwa kiongozi wa serikali iliyoweka sheria za ubaguzi wa rangi, hali mvuvi Ahamadi hakupewa hata herufi moja.

Tena, kwa watu wa Komoro samaki huyo hakuwa mgeni hata kidogo. Walimvua mara mojamoja, na walikuwa na jina lake, gombessa. Elimu ambayo wataalamu waliitafuta kwa miaka 14 ilikuwapo katika vichwa vya wavuvi wa usiku. Ila hakuna aliyewauliza kabla ya karatasi ile kufika.

Baada ya hapo Wafaransa, waliokuwa wakitawala visiwa vile, waliwazuia watafiti wa nchi nyingine, na silikanti waliofuata walipelekwa Paris. Smith aliendelea na samaki wengine, akaandika habari za utafutaji wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, na alifariki Januari 1968 bila kumwona silikanti akiwa hai baharini. Aliamini kwamba samaki huyo hutembea sakafuni kwa mapezi yake. Mwaka 1987 Hans Fricke, mtafiti Mjerumani, alishuka kwa chombo kidogo cha kuzamia karibu na Ngazija, akawaona. Hawatembei. Hupunga mapezi kwa zamu, la kuume la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kama mbuzi apigavyo hatua, lakini huku wakielea. Mchana hujibanza mapangoni, penye kina cha meta zipatazo 100 hadi 200 na zaidi, na usiku hutoka kuwinda.

Sasa rudi kwetu. Mvua inayonyesha Lushoto hushuka Soni na Mombo, huingia mto Mkomazi, kisha Pangani, na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Kaskazini ya mlango wa mto huo, kuelekea Kigombe na Tanga, mteremko wa chini ya bahari u karibu na pwani. Mwaka 2003 silikanti alivuliwa kusini, upande wa Kilwa, na tangu mwaka 2004 makumi yao wamenaswa katika maji ya Tanga. Walinaswa na jarife, nyavu za papa, ambazo wavuvi walikuwa wameanza kuzitega mbali zaidi na ndani zaidi. Samaki huyu hazai upesi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi miaka ipatayo 100, na kwamba jike hubeba mimba kwa muda upatao miaka 5, kisha huzaa watoto walio hai. Akipandishwa juu hufa baada ya saa chache, kwa kuwa maji ya juu ni ya moto mno kwake. Mwaka 2009 serikali iliyatenga maji hayo kuwa hifadhi ya silikanti.

Chukua karatasi ndefu na rula. Sentimeta 1 iwe badala ya meta 100. Chora mstari wa uso wa bahari, kisha genge la Irente likishuka sentimeta 10 chini yake. Weka alama pale wavu wa Nerine ulipokokotwa, pale mwanga unapofifia, na mapango ya silikanti. Ukitaka kufikisha handaki la Mariana, unganisha karatasi mpaka zipite meta moja, kisha mwite jirani yako akusaidie kuzishika.