Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyeifasiri Yoga kwa Kiarabu

Ndugu msomaji, kabla sijamtaja mtu ninayetaka kumweleza leo, sina budi kwanza kukiri kosa langu. Binti yangu alikuwa akisumbuliwa na mgongo tangu alipojifungua mtoto wake wa pili. Jirani yetu mmoja wa Kihindi, mama mtu mzima, akamfundisha kujinyoosha, kukaa na kuvuta pumzi kwa utaratibu wa yoga. Nilipopata habari nilihamaki. Nilimwambia kwamba hiyo ni ibada ya Mabaniani na kwamba nyumbani kwangu haiingii. Mwanangu hakunijibu. Alikunja mkeka wake, akanipisha. Nami nikatoka kwenda barazani, tambuu imejaa shavuni, nikijiona nimeilinda dini.

Barazani nikalisimulia jambo hilo kwa kujigamba. Mzee mmoja, mtu wa vitabu, akanitaka nimweleze hiyo yoga ni kitu gani. Nikakwama. Ndipo aliponiuliza kama nimepata kumsikia Abu Raihan al-Biruni, Mwislamu aliyekisoma kitabu cha yoga kwa lugha ya Mabaniani wenyewe na kukifasiri kwa Kiarabu, karibu miaka 1,000 iliyopita. Nilikuwa simjui. Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafuta maisha yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 973, sawa na mwaka 362 wa Hijra, katika viunga vya mji wa Kath, nchi ya Khwarazm. Leo mahali hapo pamo katika Uzbekistan. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba katika ujana wake alihamia kwao Mgiriki mmoja, naye akawa akimpelekea nafaka, mbegu, matunda na majani, akimwuliza kila kimoja kinaitwaje kwa Kigiriki, kisha akiliandika jina lake. Tabia hiyo ya kumwendea mgeni kwa kuuliza, na wala si kwa kubishana, hakuiacha mpaka kufa kwake.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Mwaka 995 ufalme wa kwao ulipinduliwa, akalazimika kuhama. Alizunguka katika miji ya Uajemi, akaandika kitabu maarufu juu ya kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali, kisha akarudi kwao. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa pamoja na wanachuoni wengine mpaka Ghazni, katika nchi ya Afghanistan ya leo. Hakwenda kwa hiari yake.

Sultani Mahmud alikuwa akiingia India mara kwa mara kwa vita, na jeshi lake likirudi na ngawira. Al-Biruni naye alifika India, lakini alichokuwa akikitafuta ni elimu. Akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, alianza kujifunza Kisanskriti, lugha ngumu ya vitabu vya Mabaniani. Alitumia fedha zake kununua vitabu na kuwaita wajuzi kutoka mbali. Alikiri kwamba mwanzoni alikaa mbele ya wanafalaki wa Kihindi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Fikiri, msomaji, mwanachuoni mkubwa wa zama zake, aliyetoka upande wa washindi, anakaa chini kufundishwa na watu walioshindwa!

Wala hakuficha uchungu wa mambo. Aliandika wazi kwamba vita vya Mahmud viliharibu ustawi wa nchi ile, na kwamba ndiyo sababu Mabaniani waliwachukia Waislamu na elimu zao zikakimbilia mbali. Aliandika vilevile kwamba Mabaniani nao walijitenga, wakiwaona wageni wote kuwa najisi. Alisema ukweli wa pande zote mbili, naye alikuwa akiishi chini ya utawala wa nyumba ya Sultani yuleyule.

Mnamo mwaka 1030 alikamilisha kitabu chake kikubwa juu ya India, chenye milango 80. Mwanzoni aliwaarifu wasomaji kwamba hakukusudia kubishana na dini ya watu wale. Alikusudia kueleza wanavyoamini kama wanavyoamini wenyewe, hata pale yanapopingana na haki anavyoijua Mwislamu. Na hakuchanganya mambo. Alieleza kwamba kuamini roho kuhama kutoka mwili huu hadi mwingine ndiyo alama ya dini yao, kama shahada ilivyo alama ya Uislamu. Anayemsoma hawezi kudhani kwamba mtu huyu alipoteza imani yake. Alijua vizuri mpaka uko wapi, na kwa sababu aliujua, hakuogopa kuukaribia na kutazama.

Sasa tuje kwenye yoga. Kitabu alichokifasiri ni cha Patanjali, ambaye kwa Kiarabu alimwita Batanjal. Asili yake ni maneno mafupi mafupi yasiyofika 200, magumu kueleweka bila ya sharhe. Al-Biruni aliyachanganya na sharhe, akayapanga kwa maswali na majibu ili msomaji wa Kiarabu apate njia.

Nami nilipojua yaliyomo nilishangaa. Nilidhani yoga ni kupinda viungo na kusimama kwa kichwa. Kumbe katika kitabu hicho habari ya mkao ni chache sana: mtu akae imara na kwa raha, basi. Mikao mingi tunayoiona leo imeelezwa katika vitabu vya baadaye. Sehemu kubwa ya Patanjali inahusu kuutuliza moyo usitangetange. Mwanafunzi hutakiwa kwanza asidhuru kiumbe, aseme kweli, asiibe, ajihifadhi na matamanio, asiwe na tamaa ya mali, awe safi, akinai. Ndipo huja kukaa, kudhibiti pumzi na kuikusanya fikira. Mwisho wake ni kuikomboa roho kwa mujibu wa itikadi yao, na hapo ndipo Mwislamu anapoachana nao. Al-Biruni aliyalinganisha baadhi ya mambo hayo na maneno ya masufi na ya Wagiriki wa kale, lakini hakusema kwamba ni kitu kimoja.

Tafsiri hiyo ilipotea machoni pa watu kwa karne nyingi. Nakala yake iliyohifadhiwa Istanbul iligunduliwa mwaka 1922, na maandishi ya Kiarabu yakachapishwa mwaka 1956.

Al-Biruni hakuishia kwenye falsafa. Alitazama pia namna watu wanavyokula na kujitunza. Alikitaja kitabu cha Charaka, ambacho Mabaniani walikihesabu kuwa bora kabisa katika utabibu wao, akaeleza kwamba kilikwisha kufasiriwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wakuu wa ukoo wa Barmaki. Yaani tangu zamani Waislamu wa Baghdad walikuwa wakichota utabibu wa Kihindi. Na katika utabibu huo jambo kubwa ni tumbo: chakula kikisagika vyema mwili hutulia, na ndipo tangawizi, pilipili manga na viungo vingine vinapopata kazi.

Kisha nikafika mahali paliponiaibisha. Al-Biruni aliandika juu ya tambuu! Alielezwa na baadhi ya Mabaniani kwamba katika nchi yao ya joto ndani ya mwili huwa baridi na nguvu ya kusaga chakula ni dhaifu. Kwa hiyo baada ya kula hutafuna tambuu na popoo: tambuu huleta joto, chokaa hukausha majimaji, na popoo hukaza meno, ufizi na tumbo. Hiyo ilikuwa hekima ya wakati ule. Matabibu wa leo wamethibitisha kwamba popoo huleta saratani ya kinywa. Hata hivyo nilijiuliza: huu uraibu wangu, ambao hata jina lake asili yake ni India, nilipata lini kuutakia fatwa? Nilimkemea mwanangu kwa kuchukua jambo la Wahindi, na kinywa changu kimewekundu kwa jambo la Wahindi.

Katika uzee wake, akiwa amepita miaka 80 ya Hijra, macho na masikio yamedhoofu, al-Biruni aliandika kitabu cha dawa akisaidiwa na tabibu mmoja. Alikusanya humo dawa zaidi ya 700 na majina yake kwa Kiarabu, Kiajemi, Kigiriki, Kihindi na lugha nyinginezo. Alikuwa ni yuleyule kijana wa Khwarazm aliyemwuliza Mgiriki majina ya mbegu.

Alifariki Ghazni karibu na mwaka 1050. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mahututi alitembelewa na rafiki yake mwanasheria, akamwuliza suala la mirathi ya mabibi. Rafiki alimwonea huruma, akastaajabu kuulizwa saa kama ile. Al-Biruni akamfahamisha kwamba ni heri auache ulimwengu akilijua jambo hilo kuliko kuuacha akiwa halijui. Akaelezwa, akalikariri. Rafiki yake alipotoka, hakufika mbali njiani akasikia vilio.

Najua yuko atakayeniuliza hukumu ya yoga. Mimi si mufti. Ninachojua ni kwamba mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga iliyochanganywa na ibada na matamko ya Kihindu, na mwaka 2009 maulamaa wa Indonesia wakakataza yenye ibada na matamko, wakaruhusu iliyo mazoezi ya mwili tu. Mwenye shaka na awaendee masheikh wake. Lakini aende akijua anauliza nini, asiende kama nilivyokwenda mimi barazani.

Nilimrudia mwanangu nikamtaka radhi. Tukakaa, akanionyesha kila anachokifanya: kujinyoosha na kuvuta pumzi, bila ya neno lolote la ibada. Siku hizi baada ya sala ya alfajiri hukunjua mkeka wake, na mgongo umepata nafuu, alhamdulillahi. Kijamanda changu cha tambuu nimekiweka juu ya kabati. Sijasema nimeacha kabisa, lakini siku zinapita sijakigusa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Raihan al-Biruni, na atujaalie sisi kuuliza kabla ya kuhukumu.